Spika Hewa

Naishi Pipeline, hapa Nakuru. Mtaa una jina la bomba, lakini asubuhi nyingi nikifungua mfereji unanikoholea tu. Nimezoea. Nyuma ya mlango wa jikoni nina mitungi minne ya lita 20 na maisha yanaendelea. Bomba lililonitoa jasho mwezi uliopita halikuwa la maji. Lilikuwa ndani ya kompyuta, la kupitisha sauti, na lina hata fundi wake wa mabomba anayejulikana kwa jina hilo hilo. Huyo fundi tutamfikia.

Kosa la kwanza lilikuwa la mdomo wangu. Mama mkwe alikuwa anatimiza miaka 80, na wanawe wakaamua wamfanyie ibada ya shukrani nyumbani kwake Njoro. Kwenye kikao cha maandalizi watu wakagawana kazi: huyu mbuzi, yule hema, yule viti na sufuria. Ilipofika zamu ya picha za maisha ya mama, zile za kuonyeshwa ukutani pamoja na nyimbo anazozipenda, shemeji yangu mkubwa akanigeukia.

"Shemeji, wewe si ni mtu wa kompyuta?"

Nikaitika. Mwanamume akiwa kwa wakwe huitika hata akiulizwa kama ni rubani.

Kompyuta yenyewe ni mzee mwenzangu. Niliinunua mjini, katika yale maduka ya bidhaa wanazoziita "ex-UK", yaani ilishawatumikia Waingereza, ikastaafu, ikaja kwetu kumalizia uzee. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 4. Windows ilikuwa ikiamka kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa, mpaka mpwa wangu anayesomea mambo haya chuoni akaing'oa, akaweka Linux, ile ya Ubuntu 22.04. "Anko, hii ni ya bure na ni nyepesi." Ubuntu ndio utu, neno la ndugu zetu Wabantu wa kusini, na kweli tangu siku ile kompyuta ikawa na utu: inaamka mapema, haidai leseni, hainitishi kwa habari za virusi. Ina kila adabu ya bibi harusi mgeni, pamoja na ile ya kutosema neno.

Hilo la kutosema nililigundua Ijumaa usiku, saa tatu, siku moja kabla ya sherehe. Nilikuwa najaribu mambo. Picha zikapita vizuri: mama mkwe akiwa msichana, mama mkwe katikati ya ngano, mama mkwe na ng'ombe wake wa kwanza wa gredi. Wimbo nao ukaanza. Najua ulianza kwa sababu kale kamstari kalikuwa kanatembea na sekunde zinahesabika. Lakini kimya. Nikapandisha sauti hadi mwisho. Kimya. Nikaiinua kompyuta sikioni nikaigonga kidogo, kama mnunuzi wa tikiti maji. Kimya.

Nikafungua mipangilio ya sauti. Mahali palipotakiwa kuandikwa jina la spika paliandikwa "Dummy Output". Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na natamani wangeendelea hadi kwenye sauti, kwa sababu Kiswahili kina jina la kitu hiki tayari na sisi Wakenya ndio mabingwa wake. Ni spika hewa. Ni kama mfanyakazi hewa: yumo kwenye daftari, ana namba, mshahara unatumwa kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika jembe. Kompyuta ikikosa spika ya kweli haikubali aibu ya kusema imekosa. Inajiundia moja ya hewa, inaimiminia wimbo mzima, kisha inakuonyesha kwamba kazi imefanyika.

Nikampigia mpwa. Nilisikia kelele nyuma yake, nadhani alikuwa mahali pa nyama choma.

"Anko, hiyo ni seva ya sauti tu."

Tu. Vijana wa kompyuta hulitumia neno hilo kama daktari wa meno anavyosema utahisi kidogo. Na seva ninazozijua mimi ni zile zinazosemekana ziko chini baada ya wewe kupanga foleni tangu alfajiri. Sikujua nina nyingine mapajani.

Lakini alinieleza nikaelewa, sifa zake nampa. Fikiria sherehe yenye maiki moja na wasemaji kumi. Lazima awepo MC. Kadi ya sauti ndiyo maiki. Kivinjari kinataka kuongea, kicheza muziki kinataka kuimba, barua pepe nayo inataka kulia "ting". Seva ya sauti inawapokea wote, inazichanganya sauti zao ziwe mkondo mmoja, inaamua ziende spika ipi na kwa nguvu gani. Chini yake yupo ALSA, ambaye ndiye anayeishika kadi kwa mkono. Enzi zile MC hakuwepo, mara nyingi programu ya kwanza kushika maiki ilikaa nayo mpaka imalize, na wengine wakangoja, kama tunavyongoja mwanasiasa akialikwa kusalimia kwa dakika mbili.

MC aliyeenea kuliko wote alikuwa PulseAudio. Mjerumani Lennart Poettering alimwanzisha mwaka 2004, watu wa Fedora, Linux nyingine, wakamkabidhi maiki mwaka 2007, na Ubuntu wakampokea katika toleo la Aprili 2008. Aprili 2008! Sisi huku Nakuru tulikuwa ndio kwanza tunahesabu mapaa yaliyobaki baada ya ghasia za uchaguzi, na kule Nairobi serikali ya mseto, ile ya nusu mkate, inaapishwa. Nani angesikia kwamba watumiaji wa Linux nao wanalia kompyuta zao zimekuwa bubu? Baadaye akaja PipeWire, kazi ya Wim Taymans wa Red Hat, iliyotangazwa 2017 kwa ajili ya video kwanza. Fedora wakampa kiti cha sauti Aprili 2021, na Desemba mosi ya mwaka huo huo Nakuru ikakabidhiwa hati ya kuwa jiji. Wote wawili wakapanda cheo, na wote wawili bado wana mashimo ya kuziba.

Kwenye kompyuta yangu MC walikuwa wawili. Ubuntu 22.04 huja na PulseAudio akiongoza sauti, PipeWire akiwa amekaa pembeni kwa mambo ya video. Siku moja mpwa wangu, akijaribu kuniunganishia spika ya Bluetooth, alinakili amri fulani akampandisha PipeWire jukwaani bila kumshusha aliyekuwepo. Mafahali wawili zizi moja. Nusu mkate kamili: mmoja amekamata kadi hataki kuiachia, mwingine, kwa kukosa cha kukamata, amejiundia wizara hewa. Na nyimbo za mama mkwe zote zilikuwa zinapelekwa kwa huyo wa hewa.

"Muue wa zamani," mpwa akasema, akanisomea amri kwenye simu herufi moja moja. pulseaudio, nafasi, kistari, k. Nikamuua saa nne na dakika kumi usiku, na kabla sijatoa kidole kwenye kibodi alikuwa amefufuka. Kumbe ana mlinzi wa kumwamsha kila anapoanguka.

"Huyo hafi hivyo, Anko. Unamstaafisha kwanza."

Tukamstaafisha kwa systemctl na mkia mrefu wa maneno niliouandika nyuma ya risiti ya gesi, maana ni lazima uyataje majina yake yote mawili, la huduma na la soketi. Ukisahau la soketi atarudia hapo hapo, kama mstaafu aliyebaki na funguo za ofisi. Ilipokaribia saa sita, PipeWire alikuwa anaongoza peke yake. Nikamuuliza jina kwa amri ya pactl info, kuhakikisha. Akajibu kwamba yeye ni PulseAudio, juu ya PipeWire.

Nikahisi baridi mgongoni. Mpwa akacheka mpaka akakohoa. Ni makusudi, alisema. Programu za zamani zinamjua PulseAudio peke yake, kwa hivyo mrithi anaitika kwa jina la marehemu ili zisishtuke. Kwetu sisi mtu akiitika kwa jina la marehemu huwa ni msimu wa uchaguzi.

Sasa fundi. PipeWire mwenyewe ni bomba tu, hajui aelekee wapi. Anayeamua bomba hili liunganishwe na lile anaitwa WirePlumber, na plumber ndiye yule fundi wa mabomba unayempigia simu leo akaja keshokutwa. Amefanana na kila fundi niliyewahi kumwita Pipeline. Anatazama kazi aliyoikuta, anatikisa kichwa kumlaumu aliyemtangulia, anaunganisha anavyoona yeye, na kesho yake maji ya bafu yanatokea kwenye sinki la jikoni.

Usiku ule, hata hivyo, alipatia. Wimbo ukalia. Mke wangu akaamka, akasikiliza wimbo wa kanisani saa sita za usiku, akauliza nani amekufa.

Ulikuwa unalia kwa kukatikakatika, na hilo nalo lina somo lake. Sauti husafirishwa kwa vipande 48,000 kila sekunde, na havitumwi kimoja kimoja. Hujazwa kama abiria: wakitimia 1,024, gari linaondoka. Hizo ni kama milisekunde 21. Ukipunguza abiria gari linaondoka mapema, lakini dereva anakimbizwa, na mzee kama kompyuta yangu anakosa safari nyingine. Huko ndiko kukatika. Ukiwaongeza kunatulia, ila unangoja kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa ndani ya matatu ya Njoro pale stejini, kondakta akiapa amebakiza mmoja, ameisoma sayansi hii yote bila karo. Tukawaongeza hadi 2,048. Nikalala saa saba na nusu nikiwa na furaha ya mjinga.

Jumamosi Njoro kulikuwa na jua la saa nne na ule upepo unaoteremka kutoka Mau ukapenya koti. Hema mbili, viti vya plastiki, na dijei kijana mwenye spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la nne. Nikachomeka HDMI kwenye projekta. Nikachomeka waya wa jeki kwenye kompyuta, na ncha ile nyingine kwenye mtambo wa dijei. Waya huo ni wangu, naomba ukumbuke. Nikabonyeza.

Kimya.

Ushauri ukamiminika. Izime uiwashe. Toa uchomeke tena. Ina virusi. Shemeji mkubwa akainama akapuliza tundu la jeki kwa mapafu yake yote, na hapo sikumcheka, kwa sababu husemwa hata jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai la vumbi, na vumbi likijaa tunduni kompyuta inaweza kudhani umechomeka vifaa vya masikioni na kuinyima spika yake sauti. Likatoka vumbi kweli. Sauti haikutoka.

Ni yule fundi. Projekta ikiunganishwa kwa HDMI huweza kujitambulisha kwamba inapokea sauti, hata kama spika yake ni sawa na kifuniko cha soda, na fundi kuona mgeni mwenye cheo akamgeuzia bomba lote. Nikaandika wpctl status. Ikaja orodha ndefu, na kinyota kimesimama kando ya HDMI. Nilikuwa nimejiandaa: kwenye risiti ya gesi niliandika usiku kwamba spika ni namba 47. Nikaamuru 47. Kompyuta ikasema haimjui. Kumbe namba hizo hugawiwa upya ukiiwasha tena, kama tiketi za foleni ya benki, na wangu leo alikuwa 52. Nikaamuru 52. Kinyota kikahama. Ili nijue kama sauti inafika, nikaanzisha speaker-test, amri ambayo ukiiongezea -t wav na -c 2, kama nilivyofanya, inatuma sauti ya mtu akitaja spika ya kushoto, kisha ya kulia, zamu kwa zamu. Niliiandika bila kuipa kikomo, na ikikosa kikomo haikomi mpaka uikomeshe. Hilo nalo naomba ukumbuke.

Kimya bado.

Nikafungua alsamixer, dirisha jeusi lenye minara ya rangi iliyopangwa kama vipimo vya mafuta. Chini ya mnara mmoja pameandikwa MM. Nakuapia, kwa joto lile la aibu, na wakwe wote wananitazama mgongo, nilisoma Mama Mkwe. Nikageuka kumwangalia. Alikuwa ametulia kwenye kiti chake, kilemba cha zambarau, anangoja kuonyeshwa ujana wake. Nikarudi kwenye kioo. MM ni alama kwamba njia hiyo imefungwa. Ukibonyeza herufi M inageuka 00 na njia inafunguka. Yaani MC na fundi wake walikuwa wanasema kweli muda wote kwamba sauti imetumwa, na ilikuwa inafika kwa ALSA inakuta komeo, na hakuna aliyeona ni kazi yake kuniarifu. Nimewahi kufuatilia hati ya shamba. Naijua ofisi ya namna hiyo.

Mchungaji alikuwa amewasimamisha watu kwa maombi. Macho yote yamefumbwa isipokuwa yangu. Nikabonyeza M.

"FRONT LEFT!" spika zikanguruma, kwa Kiingereza cha uwanja wa ndege.

Mchungaji akanyamaza. Akavuta pumzi, akaendelea.

"FRONT RIGHT!"

Mbwa wa jirani akaitikia. Watoto nyuma ya hema wakaanza gwaride. Baba mdogo wa mke wangu, askari mstaafu anayekaa Gilgil, alikaza mgongo huku macho bado ameyafumba, na nikauona mguu wake wa kushoto ukinyanyuka taratibu. Mama mmoja wa safu ya mbele, ambaye nadhani alidhani tunapangwa kwa ajili ya picha, akasogeza kiti chake upande wa kulia.

Kuikomesha speaker-test unabonyeza Ctrl na C kwenye dirisha lake. Dirisha lipi? Nilikuwa nimefungua sita, yote meusi. Nikafanya alivyofanya babu yangu kwa sufuria iliyoshika moto: nikafunika. Kompyuta ikalala. Sauti ikakatika, na picha zikafutika ukutani pamoja nayo.

Dijei akanijia polepole, kofia ameivua kwa heshima. Akainama karibu na sikio langu.

"Mzee, ungenipa tu flashi."

Mtambo wake una tundu la flashi. Ulikuwa nalo tangu asubuhi, lina kataa ka buluu, nilikaona nikadhani ni pambo.

Basi nyimbo zikapigwa kutoka kwenye flashi na picha zikatoka kwangu, kila mmoja akienda kwa mwendo wake, hata mama mkwe akaolewa kwa wimbo wa mavuno na kuvuna ngano kwa wimbo wa harusi. Hakuna aliyelalamika. Baada ya chakula aliniita, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, baba. Na yule mzungu aliyekuwa anaomba pamoja na mchungaji, ni mgeni wa nani?"

Mpwa wangu anasema matatizo haya yote yataisha akiniwekea toleo jipya, kwa sababu huko PipeWire ndiye mwenye maiki tangu mwanzo. Nimemwambia aiguse kompyuta yangu aone. Sasa hivi inasema, na kila jioni kabla ya kulala naifungua alsamixer kuhakikisha hakuna Mama Mkwe.

Ila waya wangu wa jeki ulibaki Njoro. Ni mweusi, mita tatu, ncha moja imezungushiwa selotepu nyeupe, na niliununua shilingi 300. Aliyeuchukua namwomba auache kwa mama mkwe, au aniletee huku Pipeline, na akiweza aje na mtungi mmoja wa maji.